Kiapo cha Masikio

Harufu ya maranda ya paini ikinikuta popote, hata kama niko dukani nanunua misumari, shingo yangu inageuka yenyewe kutafuta dirisha. Siyo dirisha lolote. Natafuta lile la karakana ya Fundi Mgaya pale Mafinga, lenye ufa uliozibwa kwa gundi ya mbao na vumbi la njano limeganda pembeni mwa kioo. Mafinga ya utoto wangu ilikuwa inanuka mbao kuanzia asubuhi. Malori yalipita na magogo yakidondosha magamba barabarani, misumeno ilianza kulia kabla kengele ya shule haijagongwa, na ukifungua daftari lako la hesabu unakuta vumbi la mbao limejipanga katikati ya kurasa. Mwezi wa sita baridi ilikuwa inauma mpaka meno. Ukungu ulikaa uwanjani hadi saa nne, na sisi watoto wa darasa la nne tulicheza rede ndani ya ukungu huohuo. Unarusha mpira humwoni mtu, unasikia tu "aii!", ndiyo unajua umempata.

Fundi Mgaya alikuwa anatengeneza makabati ya sebuleni, yale makubwa yenye nafasi ya televisheni katikati na vioo vya kuwekea vikombe ambavyo hakuna mtu anaruhusiwa kuvinywea. Alikuwa na akili ya biashara yule mzee. Kabati likikamilika analiweka chumba cha mbele, anaingiza ndani televisheni yake ya chogo na kuiwasha, ili mteja aone kabisa nyumbani kwake patakavyopendeza. Jumamosi saa kumi jioni, kituo alichopenda kukiacha kilikuwa kinaonyesha katuni ya watoto wa shule. Sisi tulisimama nje, watoto kumi hivi, pua kwenye kioo, kila mtu anafuta mvuke wake mwenyewe kwa mkono wa sweta. Picha tuliiona vizuri tu. Sauti hatukuwahi kuisikia hata neno moja. Nyuma ya chumba kile kulikuwa na mashine ya kuranda, na ile mashine ikianza kula ubao hata radi ingepiga usingeisikia. Tulikuwa tunaomba umeme ukatike ili mashine inyamaze. Basi ukakatika kweli, mara nyingi tu, mashine ikanyamaza, na televisheni nayo ikazima palepale. Tukabaki tunaangaliana kwenye kioo cheusi.

Kwa hiyo jina la katuni yenyewe hatukulijua. Sisi tuliiita Shule ya Vichwa, maana wote mle ndani walikuwa na vichwa vikubwa kuliko miili. Kulikuwa na mvulana wa jino moja, tukamwita Kichwa. Kulikuwa na msichana ambaye akikasirika nywele zake zinasimama juu, tukamwita Pembe, na wenzangu wakasema Pembe ni mimi, bila kunipigia hata kura. Jina langu ni Vumilia na walionipa walikosea, Mafinga nzima inajua. Halafu kulikuwa na Mwalimu Tai, mrefu kama nguzo, tai yake inafika magotini na inanasa kila mahali: mlangoni, kwenye kengele, kwenye ndoo ya mfagizi. Tulicheka mpaka Fundi Mgaya akatoka na kipande cha ubao. Hakuwahi kumpiga mtu nacho. Alikuwa anatuonyesha tu kwamba anacho.

Lakini mtu hawezi kukaa wiki nzima na picha tupu kichwani. Unataka kujua. Kwa nini Kichwa alilia? Mwalimu alimwambia nini Pembe mpaka akacheka vile? Hapo ndipo alipoingia rafiki yangu Twilumba. Darasani Twilumba alikuwa anajibu kwa sauti ya chini mpaka mwalimu anamwambia, "Wewe, unaongea na mimi au na dawati?" Alikuwa mdogo wa mwili, anaishi na bibi yake karibu na mashine za mbao, na wawili hao walipikia mabanzi waliyookota wenyewe. Kuhusu baba yake kila mtu alikuwa na la kwake. Wengine walisema yuko Mbeya, wengine walisema alivuka na lori la mbao kwenda Zambia. Yeye mwenyewe hakusema kitu, na mimi sikumuuliza. Nilichojua ni kwamba Jumapili nzima alikuwa anakaa na zile picha, na Jumatatu mapumziko, kwenye tangi la maji la shule, anakuja na maneno yote. Mwalimu Tai aliongea kama mwalimu mkuu wetu, kwa kukohoa kwanza. Kichwa aliongea kama mpiga debe wa stendi, "Igawa, Chimala, Mbeya, wahi siti!" Pembe aliongea kama mimi, na watu walikuwa wanageuka kuniangalia kuona kama nitakasirika, na nikikasirika wanacheka zaidi kwa sababu ndivyo Pembe anavyofanya. Akimaliza kusimulia, tunagawana sehemu, tunaicheza yote upya kuzunguka tangi mpaka kengele.

Na Twilumba ndiye aliyeona kitu ambacho sisi wote hatukukiona. Kila katuni inapoisha, watoto wanatoka shuleni wanakimbia, na Mwalimu Tai anainama, anamfunga Kichwa vifungo vya koti. Mtoto huyo tu. "Angalieni mikono," alituambia. "Shule nzima ina watoto, kwa nini anamfunga huyu peke yake? Na anaanza na kifungo cha juu, polepole." Akatuambia kwa sauti ile ya tangini, siyo ya darasani, kwamba Mwalimu Tai ni baba yake Kichwa, na Kichwa hajui, na mwalimu anatafuta siku nzuri ya kumwambia. Jamani! Kuanzia siku ile hatukulala vizuri. Kila Jumamosi tulikwenda dirishani kuangalia kama leo ndiyo leo. Tulikuwa tunamtazama mdomo yule mwalimu wa kuchorwa kama watu wanaosubiri majina ya waliofaulu.

Ndipo akaja Atupele. Baba yake alikuwa amehamia Mafinga kutoka Mbeya mjini kwa biashara ya mbao, na yeye akawekwa darasa letu, na sweta lake la zipu na viatu vinavyong'aa. Jumatatu yake ya pili akasimama pembeni ya tangi, akatusikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni.

"Uongo," akasema. "Yule siyo baba yake. Ni mwalimu tu."

"Umejuaje?" mtu akamuuliza.

"Kwetu tuna televisheni. Na ya kwetu inaongea. Nyie mnaangalia mabubu."

Watu wakacheka. Nilimtazama Twilumba, nikamuona anarudi kuwa mtoto wa darasani, mabega yanashuka, macho yako chini kwenye viatu. Hakubisha. Angebisha labda mimi ningetulia, lakini alinyamaza, na ukimya wake ndio ulionichoma. Nilimrukia Atupele. Sikumbuki sana yaliyofuata, nakumbuka tu nimeshika mkono wa sweta la zipu na mwenye sweta hayumo ndani yake. Na kabla walimu hawajafika nikapanda kwenye jiwe la tangi, nikalamba kidole, nikakipitisha shingoni mbele ya darasa zima. "Haki ya Mungu! Masikio yangu haya hayatasikia hiyo katuni yenu inayoongea, labda Twilumba mwenyewe aniruhusu!" Adhabu yangu ilikuwa kumwagilia miche ya paini kwenye kitalu cha shule, wiki nzima, maji ya asubuhi yanayokata vidole. Nilimwagilia kwa majivuno kabisa. Nilijiona shujaa.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa wanne dirishani. Wengine wote walikwenda kwa Atupele kusikia. Twilumba aliniambia bibi anaumwa mgongo, yeye anaokota mabanzi. Jumamosi ya pili nilikuwa peke yangu. Fundi Mgaya alitoka, akaangalia kulia na kushoto, akaniuliza, "Wenzako wamehama nchi?" Nilikaa pale namtazama Mwalimu Tai anafunga vifungo, na hakuna wa kumwambia chochote. Sasa niseme ukweli wangu: mimi mwenyewe nilikuwa nakufa kwa kutaka kujua. Nilikuwa naota ile sauti. Hivi Mwalimu Tai anaongea kwa ukali au kwa upole? Kichwa anamwita nani? Kama kweli siyo baba yake, basi mikono ile inafanya nini pale? Nilijiuliza mpaka nikamwaga maji ya ugali. Jumamosi ya tatu miguu ikanipeleka upande wa kina Atupele. Nilijiambia naenda kuangalia nyumba yao ikoje tu kwa nje.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikaziba masikio kwa vidole, nikachungulia. Watoto wamejaa kwenye mkeka, na mbele kabisa, karibu na kioo kuliko wote, amekaa Twilumba. Vidole vikatoka masikioni vyenyewe, lakini katuni ilikuwa imeshaisha, kulikuwa na tangazo la sabuni. Nilichosikia ni Twilumba na Atupele wakiongea.

"Pale mwisho amemwambia nini?" Twilumba anauliza.

"Subiri kwanza, nafikiri."

"Ulisema kwenu inaongea."

"Si inaongea? Ila ni Kiingereza. Mimi najua salamu, na kaa chini, na simama."

"Sasa ulijuaje siyo baba yake?"

Atupele akavuta nyuzi za mkeka muda mrefu. "Sikujua," akasema. "Kila mtu alikuwa anakusikiliza wewe. Mimi hata jina langu walikuwa hawalijui."

Mtu mwenye akili zake angeondoka hapo kimyakimya. Mimi niliusukuma mlango ukagonga ukuta. "Twilumba! Mimi nimemwagilia miche wiki nzima kwa ajili yako! Vidole vimepasuka! Kumbe wewe uko huku?" Twilumba akanitazama, na sauti iliyotoka haikuwa ya darasani wala ya tangini, ilikuwa ya tatu, sijawahi kuisikia. "Sikukutuma, Vumi." Basi. Nilikimbia mpaka kwenye rundo la mabanzi nyuma ya karakana, nikalia huko, mashine inanifichia sauti. Hiyo ndiyo siku pekee niliyoipenda ile mashine.

Tulikaa wiki tatu hatusemeshani. Kwa mtoto wa darasa la nne hiyo ni miaka. Nilikuwa nabadilisha njia ya kwenda shule ili nisipite kwao, halafu nakasirika kwa nini hanioni napita njia nyingine. Jumamosi moja asubuhi akaja nyumbani na viazi viwili vya kuchoma vimefungwa kwenye kanga ya bibi yake, bado vya moto. Akamwamkia mama yangu, akakaa kwenye kigoda, akanipa kimoja. Tulikula mpaka maganda.

"Nilitaka kujua tu," akasema.

"Ungeniambia."

"Ungenizuia. Wewe ukianza kunitetea, Vumi, hata mimi mwenyewe sipati pa kupita."

Hilo neno nimekaa nalo mpaka leo, na watu waliowahi kuwa marafiki zangu wanajua kwamba bado linanihusu. Twilumba akaniambia nijiandae, saa kumi twende wote kwa Atupele. Nikamwambia nimeapa mbele ya watu. Akafikiri kidogo, akasema, "Uliapia masikio. Macho hukuyataja." Nikamkumbusha kwamba anaweza kuniruhusu tu, yamalizike. Akatikisa kichwa. "Siku tukijua wanasema nini kweli, siku hiyo nitakuruhusu. Sasa hivi utasikia Kiingereza tu, utakuwa umepoteza kiapo bure."

Basi nilikwenda kwa Atupele na pamba ya godoro imejaa masikio yote mawili. Mama yake, mama wa Kinyakyusa mnene mwenye kicheko cha kutingisha vikombe, akaniinamia akaniongelesha. Sikusikia kitu, nikaitikia kwa kichwa. Akaongea tena, nikaitikia tena. Baadaye niliambiwa swali la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, masikio yanauma?" na la pili, "Wewe si ndiye uliyenyofoa sweta la mwanangu?" Nilichoona mimi ni kwamba amekwenda jikoni na amerudi na mafuta ya moto kwenye kijiko. Akanilaza kwenye paja lake, akachomoa pamba, akanidondoshea mafuta, akairudisha. Watoto wote wanagaragara kwa kicheko, na Atupele ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka na mimi nikacheka. Tangu siku ile sikuweza kumchukia vizuri tena. Na halafu, bila mtu kumwambia, akainuka akapunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho. Nikatoa pamba. Akamgeukia Twilumba. "Haya, tuambie." Nikatoa pamba. Kwa mara ya kwanza tukapata picha na maneno pamoja, chumba kimoja, na maneno yalikuwa ya Twilumba.

Kabla mwaka haujaisha kile kituo kikabadilisha vipindi vyake, kabati la Fundi Mgaya likanunuliwa, Jumamosi zikabaki tupu. Siku ya Kichwa kuambiwa hatukuiona.

Sasa hivi natengeneza simu Mafinga mjini. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa nafungua simu zilizokufa mpaka nikajua zinakufaje. Majuzi mteja aliniletea simu ya mtoto wake yenye kioo kilichopasuka, nikaiwasha, na pale kwenye kioo kibovu akatokea mwalimu mrefu na tai ya magotini. Spika ilianza kutoa Kiswahili! Nikaifunika kwa kiganja haraka sana, mteja akafikiri simu imenipiga shoti. Nikaingiza vipande vyote kwenye memori kadi yangu, sauti nimezima, sijasikiliza hata kimoja. Wiki hiyohiyo nikashuka Chimala, ambako Twilumba anauza mchele karibu na barabara kuu. Joto la kule silipendi, lakini nilikwenda.

"Kamwene, dada," nikamsalimia.

"Kamwene! We Vumi, umegombana na nani tena mpaka umenikimbilia?"

Nilimwonyesha simu. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniangalia, akaiangalia simu. "Kiswahili kabisa?" Nikamwambia kabisa. Akamwita binti yake Nuru, wa miaka sita, tukakaa watatu juu ya magunia, na Twilumba akaniambia rasmi, kama mchungaji anayefungisha ndoa, "Leo nimekuruhusu." Akaweka sauti mwenyewe.

Walikuwa na sauti nzuri. Siwezi kusema uongo. Kiswahili kimenyooka, hakuna anayekohoa kwanza, hakuna anayeita Igawa na Chimala. Mfagizi alisema jambo Nuru akacheka mpaka akaegemea gunia, na mimi nikacheka, na nikaendelea kusikiliza, na katuni ikaisha. Ndipo nikashtuka kwamba sikutazama mikono. Nilikuwa bize na maneno. Mtoto huyu ana kila kitu sisi tulichokiomba nje ya dirisha: anasikia, anaelewa, anaweza kurudisha nyuma, hakuna mashine wala baridi. Na anaangalia peke yake, na Jumatatu hana wa kumuuliza chochote kwa sababu kila mtu ameshasikia. Sisemi sisi tulikuwa na bahati, vidole vyangu vinakumbuka ile baridi. Najiuliza tu angekuwa anaona nini kama angekuwa hasikii.

Twilumba hakuwa amecheka. Alirudisha nyuma mpaka pale mwisho. Watoto wanakimbia, Mwalimu Tai anainama, kifungo cha juu, polepole. Sauti inasema tu, kesho usisahau daftari. Nikasikia damu inanipanda. Nilikuwa tayari kuwatafuta hao walioingiza sauti, popote walipo, niwaulize wamesoma wapi. Kuhusu baba yake Twilumba bado sijawahi kumuuliza, na mtu akimuuliza mbele yangu namtazama vibaya. Lakini nilikumbuka kile kiazi, nikauma mdomo, nikamwachia njia apite.

Twilumba akatazama mpaka kifungo cha mwisho. Akazima sauti.

"Umeona," akamwambia mwanawe, akikohoa kwanza kidogo. "Bado hajamwambia."